Sufuria ya Shaba

Neno "sufuria", ambalo wewe msomaji hulitamka kila siku bila kulifikiri, asili yake ni neno la Kiarabu linalohusu shaba. Wazee wa pwani walipolitaja walikusudia chombo cha madini, hasa cha shaba, ili kukitenga na chungu cha udongo. Leo sufuria nyingi za jikoni kwetu hazina shaba hata chembe, lakini jina limebaki.

Shaba nyekundu ina sifa kubwa: hupitisha moto upesi na kuueneza sawasawa, hata chakula kisiungue upande mmoja na kubaki kibichi upande wa pili. Adui yake ni ukali wa siki, ndimu na ukwaju. Chakula chenye ukali huo kikilala ndani ya shaba tupu, huila shaba na kuichukua. Na chombo kisichotunzwa hufanya utando wa kijani, ambao ni kutu yake. Mtu akiila hutapika na kusokotwa na tumbo, na akila nyingi aweza kufa.

Warumi walilijua jambo hili. Pliny, mwandishi aliyekufa mwaka 79 mlima Vesuvius ulipolipuka, ameeleza kwamba vyombo vya shaba vikipakwa bati ndani, chakula huwa na ladha nzuri zaidi na sumu ya kutu huzuiwa. Kazi hiyo ilienea katika nchi nyingi. Fundi huisugua sufuria mpaka shaba ing'ae, huiweka juu ya makaa, hunyunyiza chumvi ya amonia ili uchafu uliosalia utoke, kisha hutia kipande cha bati. Bati linapoyeyuka hulisambaza upesi kwa pamba. (Fundi mdanganyifu alichanganya risasi, ambayo ni rahisi kuliko bati, na hivyo akamwondolea mnunuzi sumu moja na kumpa nyingine.)

Ganda hilo ni jembamba sana, na hapo ndipo penye ujuzi wa kutunza chombo. Bati huyeyuka kwenye joto la digrii 232, kwa hiyo sufuria ikisahauliwa tupu motoni, bati hukusanyika kama matone ya jasho. Tena, mtumishi mwenye bidii anayeisugua kwa mchanga kila siku ili imeremete huliondoa ganda kidogo kidogo, mpaka wekundu wa shaba uonekane. Basi katika jambo hili mwenye bidii aweza kudhuru kuliko mvivu. Wekundu ukitokea, sufuria yapasa irudi kwa fundi kabla haijapikiwa tena.

Sasa twende baharini, maana huko usafi wa sufuria ulihesabiwa pamoja na uhai wa watu. Katika safari ya Anson kuizunguka dunia, mwaka 1740 hadi 1744, walikufa zaidi ya watu elfu moja, wengi wao kwa kiseyeye. Nahodha James Cook alipoondoka Uingereza na merikebu Resolution mwaka 1772, aliwachukua watu 118, na katika miaka mitatu alipoteza mmoja tu kwa ugonjwa. Mwaka 1776 alikiandikia Chama cha Kifalme cha wataalamu wa London akieleza alivyofanya. Pamoja na mboga na maji mapya, alitaja kwamba masufuria makubwa ya shaba yaliwekwa safi daima, na kwamba mafuta yaliyoenguliwa humo wakati wa kuchemsha nyama ya chumvi hakuruhusu wapewe mabaharia. Chama kilimtunukia nishani ya Copley mwaka huo huo, lakini alikwisha kusafiri tena. Aliuawa Hawaii mwaka 1779 bila kuishika mkononi.

Cook hakujua vitamini C ni nini, wala mtu yeyote wa zama zake. Sisi twajua kwamba kiseyeye huja kwa kuikosa vitamini hiyo, na kwamba shaba huharakisha kuharibika kwake. Kwa hiyo nahodha alikuwa na haki ya kuyaangalia masufuria yake, ijapokuwa sababu yenyewe alikuwa haijui.

Mwaka 1886 Hall wa Marekani na Héroult wa Ufaransa, kila mmoja peke yake, walivumbua njia ya kupata alumini kwa nguvu za umeme. Madini iliyokuwa ghali ikawa rahisi, na baadaye ikaingia jikoni kwetu na kulirithi jina la sufuria. Desturi za usafi, hata hivyo, hazirithiwi hivyo hivyo. Majivu ya kuni, yaliyotumika tangu zamani kung'arishia shaba, yana magadi ndani yake, na magadi huila alumini. Anayeisugua sufuria yake kwa majivu mabichi kila jioni huiona iking'aa, nayo inazidi kuwa nyembamba.