Kasongo na Kabambare: namna ya kutengeneza upya pikipiki ya zamani nyumbani

Katika muji wa Kasongo na kule Kabambare, pikipiki ya zamani haitupwi. Kadre inabaki nyuma ya nyumba, motere inalala chini ya kitanda, halafu siku moja mwenyewe anapata franga kidogo na kazi inaanza. Miezi michache baadaye pikipiki inatoka ikiwa ingine kabisa: portibagaji ndefu ya chuma, gido iliyoinuliwa, amortisa zilizoongezwa nguvu, rangi mpya na maandishi kwenye tangi.

Kwa wakaaji wengi hii haiko michezo. Reli ya Kindu–Kongolo inapita ngambo ingine ya mto Lualaba, na wakati wa mvua magari makubwa yanakwama njiani. Mchele, bidoni za mafuta ya ngazi, chumvi, dawa, wagonjwa na wanawake wanaoenda kuzaa, vyote vinapita juu ya magurudumu mawili. Kwa hiyo pikipiki iliyotengenezwa vibaya haiharibu feza ya mwenyewe tu. Inaweza kuua mutu ambaye hakujua hata nani aliisude.

Huku watu wanaongeza, kwingine wanapunguza

Kisha vita ya mwaka 1945, vijana wengi wa Marekani walianza kukata pikipiki zao: kutoa vyuma visivyo na kazi ili ikuwe nyepesi na ikimbie. Ndiyo mwanzo wa zile pikipiki ndefu zinazoonekana katika filme. Maniema ya kusini ni kinyume. Hapa fundi anaongeza chuma, juu ya mzigo na juu ya barabara. Ndiyo maana picha za simu haziwezi kufuatwa hivihivi: kile kinachopendeza kwenye lami kinavunjika kwenye mashimo na matope.

Kwanza makaratasi, kisha chuma

Mbele ya kununua pikipiki iliyolala, angalia namba ya kadre. Mara nyingi imepigwa kwenye shingo, pale gido inapogeukia. Namba ya motere iko kwenye mwili wa motere. Zote mbili zilingane na karte roze. Kama namba imekwaruzwa, imepakwa rangi nzito ao imesudewa juu, acha. Hata bei ikuwe ndogo namna gani, kesho mwenye mali anaweza kutokea.

Wakati wa kazi pia usipige muswano wala usisude mahali pa namba. Na ukibadilisha motere, chukua karatasi ya yule aliyeiuzisha na uende kuandikisha.

Kujua ni motere gani

Katika eneo kuna familia tatu ambazo fundi anakutana nazo sana.

Ya kwanza ni Yamaha AG100 na DT125 za zamani, ambazo nyingi zilikuja na misioni, zone de sante na mashirika. Hizi ni za tempo mbili: mafuta ya motere yanaungua pamoja na esanse. Kisanduku cha mafuta kikikauka, pistoni inakamata.

Ya pili ni za Kichina zenye motere iliyoigwa kwa Honda CG125, pikipiki iliyotoka mwaka 1976 na kufikiriwa kwa ajili ya inchi zenye barabara mbaya. Faida yake ni kwamba piesi za marki moja mara nyingi zinaingia kwa ingine. Ndiyo inayofaa zaidi kwa mutu anayeanza.

Ya tatu ni TVS na Bajaj Boxer. Ni nguvu, lakini motere zao ni za ginsi yao wenyewe. Kulazimisha piesi ya CG ndani ya Boxer ni kupoteza feza mara mbili.

Kufungua

Funua turubai chini, tafuta mikebe ya maziwa ya bure, na kila mkebe uweke bulo za sehemu moja. Piga picha kwa simu mbele ya kutoa kila waya. Kazi nyingi zinakufa hapa: pikipiki imefunguliwa kwa siku moja, na kisha miezi sita hakuna anayekumbuka bulo ilitoka wapi.

Buji inasema ukweli wa motere. Ikiwa na rangi ya kahawia, motere inaungua muzuri. Ikiwa nyeusi na kavu, esanse ni nyingi ao filtri ya hewa imeziba. Nyeupe ni alama kwamba motere inapata moto kupita kipimo. Nafasi ya buji ni karibu milimita 0,7. Kwa motere za aina ya CG125, supapi zinapimwa motere ikiwa baridi, milimita 0,08. Mafuta ni karibu litre moja.

Esanse ya kadafi, ile ya kwenye chupa kando ya barabara, ichujwe siku zote kwa kitambaa safi. Maji kidogo tu yanatosha kuzimisha pikipiki katikati ya poro.

Kadre na sude

Ndipo roho za watu zinakaa. Safisha rangi ya zamani na brosi ya chuma mpaka chuma kionekane, kisha tafuta nyufa kwenye shingo, chini ya kiti, na pale mikono inayoshika gurudumu la nyuma inapofungwa. Ufa haufunikwi na sude tu. Unaongezewa kipande cha chuma pande mbili, la sivyo utafunguka tena pembeni ya sude.

Mbele ya kuwasha poste ya kusude, mambo matatu hayasahauliwi:

- Tangi itolewe na iwekwe mbali. Tangi tupu ni hatari kuliko iliyojaa, juu mvuke wa esanse ndio unalipuka.
- Bateri ikatwe na kisanduku cha umeme cha sedei kitolewe. Umeme wa poste unaviua.
- Waya wa masi ufungwe karibu na mahali pa kusude, ili umeme usipite ndani ya rulema.

Portibagaji: kosa linalorudia

Portibagaji ndefu inapendeza macho ya wachuuzi, lakini kuna hesabu. Kutoka gurudumu la mbele mpaka la nyuma ni karibu sentimita 120. Ukiweka kilo 60 sentimita 30 nyuma ya ekseli ya nyuma, gurudumu la mbele linapoteza kilo 15. Kwenye mupando linaelea, gido haigeuke tena, na dereva anaanguka. Kwa hiyo mzigo mzito ukae mbele ya ekseli na chini, kwenye pande mbili. Ule mwepesi ndio unaenda juu na nyuma.

Pikipiki nyingi za 125 zilitengenezwa kubeba kati ya kilo 130 na 150 hivi, dereva akiwa ndani ya hesabu. Bidoni moja ya litre 20 ya mafuta ya ngazi inapita kilo 18. Bidoni sita pamoja na dereva wa kilo 70, tayari ni 180. Chuma cha kuongeza kinasaidia kadre, lakini hakiongezi nguvu ya freni, janti wala reyo. Ndiyo maana reyo za nyuma zibadilishwe na zile nene, na ngozi za freni zikuwe mpya siku ileile portibagaji inapoongezwa.

Sheni, pinyo na kurone

Pinyo ya meno 14 na kurone ya meno 42 zinatoa 3 kwa 1. Ukiweka kurone ya 45, nguvu ya kupanda inaongezeka karibu 7 kwa mia, na mbio inapungua vilevile. Kupunguza jino moja kwenye pinyo, kutoka 14 kwenda 13, kunafanya karibu kazi ileile kwa bei ndogo, lakini sheni inachakaa upesi. Zote tatu zibadilishwe pamoja: sheni mpya juu ya kurone iliyochongoka haimalizi muda.

Kujaribu

Usianze na mzigo. Siku ya kwanza ni kuzunguka mtaa, kukaza bulo zote tena, kuangalia kama mafuta yanavuja. Kama pistoni na segmenti ni mpya, kilometa 500 za kwanza ziende polepole, kisha mafuta yabadilishwe. Ndipo mzigo unaongezwa kidogo kidogo: bidoni mbili, kisha nne. Kila mara unarudi kupiga magoti na kuangalia sude kwa tochi. Ufa mwembamba kama unywele unaonekana kwanza kwenye rangi.

Abiria anakuja mwisho. Fundi wa kweli anajulikana kwa swali moja: je, angemweka mama yake mwenyewe kwenye kiti kile, usiku, mvua ikinyesha, kuelekea hospitali? Kama anasita kujibu, pikipiki ile haijaisha.