Sasipensheni ya nyuma ya Datsun 240Z, na insha niliyoiandika mara mbili

Najua nimepotea kama wiki tano hivi, na wengine mmeshaanza kuniuliza kama nimedisko. Hapana jamani, bado nipo. Likizo nilikuwa Arusha, gereji kwa baba mdogo, chini ya gari. Niliporudi nikakuta insha ya historia inanisubiri: tueleze chombo kimoja cha teknolojia kilivyofika Afrika Mashariki na kilivyobadilisha mambo. Wenzangu wakakimbilia reli na simu. Mimi nikachukua sasipensheni ya nyuma ya Datsun 240Z. Rafiki yangu wa chumba alicheka mpaka akamwaga chai.

Ngoja niwape picha. Gari yenyewe ni ya mzee mmoja mteja wa baba mdogo, imekaa bandani miaka mingi ikiwa imefunikwa turubai. Zilipotoka mara ya kwanza Oktoba 1969, kwao Japani waliziita Fairlady Z, na huku nje zikaitwa Datsun 240Z. Injini ni silinda sita kwenye mstari mmoja, lita 2.4, boneti ndefu kama pua ya mamba. Mzee anataka itembee tena kabla hajafa, kauli yake hiyo. Tatizo lilikuwa nyuma: bushi zimekauka zikawa kama biskuti, shokapu hazina hata tone la mafuta, gari ikisukumwa inalia.

Sasa historia kidogo. Magari mengi ya zamani nyuma yalikuwa na ekseli moja nzima, difu katikati, vyote vimelala juu ya springi za majani kama za lori. Tairi la kushoto likipanda jiwe, la kulia nalo linapata habari. Halafu difu ni zito, na linaruka pamoja na magurudumu. Earle MacPherson, injinia Mmarekani, alikuja na nguzo moja iliyobeba springi ya koili na shokapu pamoja, na Ford za Uingereza, Consul na Zephyr, zikatoka nayo mbele mwaka 1950. Colin Chapman wa Lotus akaichukua nguzo ileile akaiweka nyuma, na Lotus Elite ya 1957 ikawa nayo. Wajapani walipoijenga Z walifuata wazo hilo: difu limefungwa kwenye bodi, kila gurudumu lina nguzo yake na mkono mpana wa chini, kwa hiyo kila moja linapanda na kushuka bila kumuuliza mwenzake. Kwa Chapman shafti inayopeleka nguvu kwenye gurudumu ilikuwa pia inasaidia kulishikilia. Nissan waliiondolea mzigo huo, wakaipa sehemu inayoteleza kwenye gololi ndogo ili irefuke na kufupika yenyewe. Ukiishika mkononi unaona kuna mtu aliwaza barabara mbovu.

Na barabara mbovu ndizo zilizoipa jina. Safari Rally ilianza mwaka 1953 kwa ajili ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na baadaye ikawa inafanyika wakati wa Pasaka ikikutana na masika. Zaidi ya kilomita 5,000 za tope, vumbi na mawe. Mwaka 1970 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda na Datsun 1600 SSS. Mwaka 1971 walewale wakashinda na 240Z, na Shekhar Mehta akawa wa pili na 240Z nyingine. Mwaka 1973, Safari ilipoingia kwenye mashindano ya dunia yaliyokuwa yanaanza mwaka huo, Mehta alishinda na 240Z akiwa na Lofty Drews. Yeye na Harry Källström, aliyekuwa na Datsun pia, walilingana pointi, kanuni ya kuvunja sare ikampa Mehta. Mtu huyu alizaliwa Uganda, na 1972 Idi Amin alipowafukuza Waasia akahamia Kenya. Miezi michache baadaye akashinda! Hapo nilisimama kidogo kusoma.

Basi insha yangu ya kwanza niliiandika kwa mkono palepale gereji, usiku, kwa raha zangu. Hoja ilikuwa moja: sasipensheni huru ya nyuma ndiyo iliyoshinda Safari. Teknolojia imefika, ekseli nzima imekufa, mwisho wa habari. Nikamsomea baba mdogo. Macho yake siku hizi yana ukungu, herufi ndogo hazioni, ndiyo maana alinihitaji hata kwenye gari.

Akasikiliza hadi mwisho, akafuta mikono. "Mwalimu," (ananiita hivyo tangu nichague ualimu badala ya gereji yake, na sijawahi kujua kama ni sifa au ni lawama) "1972 alishinda nani?"

Hannu Mikkola na Gunnar Palm, nikasema. Ford Escort RS1600.

"Nyuma ilikuwa na nini?"

Kimya. Escort nyuma ina ekseli nzima na springi za majani. Akaendelea: na 1974? Joginder Singh, Mitsubishi Colt Lancer. Majani tena. Na Peugeot 404 zilizoshinda 1963, 1966, 1967 na 1968? Koili, sawa, lakini ekseli nzima. "Sasa ekseli yako iliyokufa mbona inashinda?"

Wadau, niliona aibu. Mwaka wa pili chuoni, somo la historia, na nimefanya kosa lilelile ambalo mhadhiri alitukataza wiki ya kwanza: kuchukua ushindi halafu kutafuta chombo kimoja cha kuusifia. Nilipokaa kuangalia upya orodha ya washindi, niliona kitu kingine kabisa. Mikkola na Palm walikuwa wa kwanza kutoka ng'ambo kushinda Safari. Kwa miaka karibu ishirini kabla yao, walioshinda walikuwa wakazi wa huku. Herrmann alikuwa Mjerumani aliyekuwa anaishi Kenya, Joginder Singh ni mtoto wa Kenya, Mehta tumeshamwona. Hawa walijua korongo lipi hujaa maji saa ngapi, na tope jekundu halifanani na tope jeusi. Na nyuma yao walikuwa mafundi waliobadilisha shokapu gizani, pembeni ya barabara, dakika zinahesabiwa. Majina ya madereva ninayo yote. Ya mafundi hao sikuyaona popote katika nilivyosoma. Baba mdogo alikuwa mtoto mwanzoni mwa miaka ya 70, alisimama kando ya barabara na wenzake kuangalia magari. Nilimuuliza anakumbuka dereva gani. Akasema hakumbuki dereva, anakumbuka mtu aliyekuwa amelala chini ya gari, miguu tu inaonekana, na mkono unatoka nje kuomba spana.

Haya, turudi kwenye kazi, maana hapo ndipo nilipoharibu.

Kwenye 240Z kuna pini ndefu ya chuma inayopita chini ya nguzo na kuushika mkono wa chini pamoja na bushi zake. Inaota kutu ikashikana na bushi kabisa. Zetu tulizimwagia mafuta siku mbili, tukachoma kwa gesi, tukapiga nyundo, mwisho tukakata kwa msumeno. Pini mpya zina kijichongo katikati, na kijichongo hicho lazima kielekee kwenye kipini kidogo kinachoifunga isizunguke. Ukikosea nusu nywele, kipini hakiingii. Baba mdogo hakuweza kuona kijichongo, akanifanya nichore alama ya rangi nyeupe kwenye ncha ya pini ili tujue kimeelekea wapi kikiwa ndani. Ujanja rahisi, ukaniokoa mara nne. Grisi nyingi juu ya pini, ili atakayekuja baada yetu asitutukane. Shokapu mpya zikaingia kwenye nguzo na mafuta kidogo kuzizunguka, yapeleke joto nje. Nguzo juu zikakamatwa na nati tatu tatu. Shafti zikarudi kwenye difu.

Halafu nikakaza kila kitu. Gari ikiwa bado juu ya stendi, magurudumu yananing'inia, mimi na spana yangu ndefu, kwa nguvu zote, najisikia fundi. Baba mdogo alikuwa ametoka kununua bolti.

Bushi hizi ni raba kati ya bomba mbili za chuma. Ukikaza, bomba la ndani linabanwa halizunguki tena, gurudumu likipanda na kushuka raba ndiyo inayojinyonga. Kwa hiyo ukikaza gurudumu likiwa limening'inia, hapo ndipo raba inapoona nyumbani. Shusha gari chini, raba tayari imejinyonga kabla hujaenda popote, na nyuma ya gari inakaa juu isivyo kawaida. Wiki chache za mashimo, inachanika. Na bushi zile mzee aliagiza kutoka Japani kwa pesa ambazo sikuambiwa ni kiasi gani, na sikuuliza.

Baba mdogo aliporudi hakugombana. Alishusha jeki, akaiangalia gari ilivyosimama, akapapasa nati moja kwa kidole. "Umekaza?" Ndiyo. "Zote?" Ndiyo baba. Akaenda kunawa mikono. Mimi ningependa angenipiga makelele.

Bahati gari haikuwa imetembea. Kesho yake tulilegeza nati zote za chini, tukaisukuma hadi juu ya shimo la gereji, matairi yamekanyaga sakafu yake. Tukaweka viroba viwili vya mahindi kwenye viti, maana gari hukaa na watu, tukaiyumbisha juu chini ili kila kitu kitafute mahali pake. Nikaingia shimoni na tochi, yeye amekaa kwenye tofali ukingoni. Insha ya pili ilikuwa bado haijaandikwa, na ilikuwa irudishwe Jumatatu.

"Anza na za ndani," alisema. "Polepole. Ukisikia imegota, niambie."

Nikaweka spana. Mkono wangu ukatoka nje ya shimo kuomba soketi nyingine, naye akanipa.