Nyumba ya Mkunazini na Watu wa Nyasa

Sisi wa mwambao wa Ziwa Nyasa, pamoja na ndugu zetu wa milima ya Mbinga, tuna sehemu yetu katika nyumba moja iliyo mbali nasi, huko Mkunazini, Unguja. Katika karne ya 19 misafara ya watumwa iliwatoa watu katika nchi za ziwa hili, ikawapitisha Kilwa, na wengi wakauzwa katika soko la Zanzibar. Sultani Barghash alilifunga soko hilo Juni 1873. Krismasi ya mwaka uleule, misioni ya UMCA iliweka hapo jiwe la msingi la Kanisa Kuu la Kristo. Misioni hiyohiyo ndiyo iliyofika Likoma mwaka 1885. Na Arkidikoni William Percival Johnson, aliyehudumu ziwani miaka mingi, alizikwa kwetu Liuli mwaka 1928.

Kando ya kanisa misioni ilijenga hospitali. Huduma hiyo ilipokoma, nyumba haikuachwa iwe gofu. Leo inaitwa Mtakatifu Monika: hulaza wageni, na ndani yake yamo maonyesho ya historia ya biashara ya utumwa. Uani, sanamu za watu waliofungwa minyororo shingoni zimesimama shimoni.

Chini ya nyumba kuna vyumba vyenye giza, na wageni wengi huambiwa kwamba watumwa walifungiwa humo kabla ya kuuzwa. Lakini nyumba hiyo ilijengwa baada ya soko kufungwa. Tusione haya kulisema. Mateso ya wazee wetu yalikuwa ya kweli, hayahitaji kutiwa chumvi. Tukiongeza lisilokuwapo, tunampa mwenye kukanusha sababu ya kukanusha yote.

Yoshua alisimamisha mawe 12 kule Gilgali ili watoto waulize maana yake. Mawe yale yangefaa nini kama baba angejibu uongo?

Nasi mwambaoni tumeachiwa majengo ya zamani ya misioni. Tuyageuze madarasa, zahanati au kumbi za akina mama. Ndiyo heshima yake, kwa kuwa nyumba isiyokaliwa huanguka. Ila kabla ya kupaka rangi mpya, tuwaulize wazee walio hai: nani alifyatua matofali, nani aliuguzwa humo, nani alisoma humo. Tuyaandike majibu yao, na tusipojua, tusibuni.