Historia ya /tmp, Kutoka Bell Labs hadi Kigali

Vijana ninaowafundisha programu hapa Kigali huniuliza kwa nini funksheni ya wingu huruhusiwa kuandika faili mahali pamoja tu: /tmp. Jibu lina zaidi ya miaka 50.

Mwongozo wa kwanza wa Unix, uliotoka Bell Labs Novemba 1971, tayari ulionyesha kihariri cha ed kikiweka mafaili yake ya muda ndani ya /tmp. Kompyuta ilikuwa moja, watumiaji wengi, na saraka hiyo ilikuwa ya wote. Mwaka 1986, toleo la Unix liitwalo 4.3BSD lilileta alama ya kumzuia mtumiaji kufuta faili la mwenzake. Kazi ya kusafisha aliachiwa msimamizi wa mashine.

Amazon ilipotangaza Lambda, huduma yake ya funksheni za wingu, Novemba 2014, msimamizi huyo hakuonekana tena. Funksheni ilipewa /tmp ya megabaiti 512. Kwingine kote ilikuwa kusoma tu. Machi 2022 kiwango kikaruhusiwa kufika gigabaiti 10. Kwenye Cloud Functions ya Google, mafaili hayo yaliwekwa ndani ya RAM, hivyo faili lililosahaulika hula kumbukumbu ya funksheni yenyewe.

Wengi hudhani kazi ikiisha kila kitu kimefutika. Sivyo. Mara nyingi mazingira yaleyale hutumika tena kwa ombi linalofuata, na mafaili ya ombi lililopita bado yamo. Picha ya kitambulisho cha mama wa Nyamirambo, iliyopunguzwa ukubwa saa nne asubuhi, inaweza kuwa ingali humo mteja wa Remera anapohudumiwa dakika moja baadaye.

Kwetu Rwanda jambo hili linagusa sheria. Sheria Na. 058/2021 ya tarehe 13 Oktoba 2021 inataka data binafsi zihifadhiwe nchini, isipokuwa kwa mwenye kibali cha kuzihifadhi nje. Funksheni ikiendeshwa Cape Town, ambako Amazon ilifungua vituo vyake Aprili 2020, faili lake la muda nalo liko Cape Town. Kwangu mimi, hata dakika tano ni kuhifadhi.

Kwa hiyo nawasisitizia: kama data inaweza kupita kwenye kumbukumbu moja kwa moja, usiandike faili. Ukilazimika, lipe jina la pekee kwa kila ombi, na ulifute kabla ya kurudisha jibu, hata kazi ikiwa imeharibika njiani. Yule mama ametukabidhi kitambulisho chake kwa shughuli moja tu.