Mwangwi kutoka Chini ya Ziwa Nyasa

Mtu wa Mnero, mkoani Lindi, akitaka kuliona Ziwa Nyasa hupitia Masasi, Tunduru, Songea na Mbinga, hadi Mbamba Bay. Alikotoka ni nchi ya miamba mikongwe. Madini ya kinywe ya Ruangwa yalikuwa tope lenye mabaki ya viumbe, likazikwa, likapikwa kwa joto na mgandamizo zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Huko aendako, tope lingali changa: limelala tabaka juu ya tabaka, penginepo kwa unene unaozidi kilomita 4.

Sehemu kubwa ya picha ya tabaka hizo ilipatikana miaka ya 1980, kupitia mradi wa PROBE ulioongozwa na Bruce Rosendahl wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani. Makampuni ya mafuta yalichangia gharama, na sababu haikufichika: tope la namna hiyo likizikwa vya kutosha huweza kutoa mafuta.

Lindi, nchi ya gesi ya Songo Songo, utafiti wa mitetemo si jambo geni. Ziwani, meli hufyatua hewa iliyoshindiliwa. Sauti hushuka, sehemu yake hurudishwa na sakafu, nyingine hupenya na kurudishwa na tabaka za chini. Vinasa sauti vilivyofungwa kwenye kebo ndefu nyuma ya meli huidaka. Majini sauti huenda takriban mita 1,500 kwa sekunde, hivyo mwangwi unaochukua sekunde moja kwenda na kurudi umetoka takriban mita 750 chini.

Bonde la ufa lilizoeleka kuchorwa kama mfereji wenye kuta mbili sawa. Mwangwi ulikataa. Nyasa, na Tanganyika pia, ni mabonde yaliyofuatana, kila moja likiwa na ufa mkuu upande mmoja, sakafu ikiinamia huko. Simama Matema, wilayani Kyela, utazame Milima ya Livingstone inavyoporomokea majini: hapo ndipo ulipo ufa mkuu wa kaskazini. Ukishuka kusini, ufa mkuu unahamia upande wa Malawi.

Lakini kwangu mimi, habari kubwa kuliko mafuta ni mmomonyoko ulioonekana katika mwangwi huo, uliozikwa chini ya maji mengi, wa aina inayotokea nchi kavu au ufukweni. Mwaka 1988 Christopher Scholz na Rosendahl walieleza katika jarida la Science kwamba maziwa haya mawili yaliwahi kupungua kina kwa mamia ya mita. Mwaka 2005 wachimbaji wakatoa chini ya Nyasa sampuli ya udongo yenye urefu wa mita 380. Ilionyesha kuwa kati ya miaka 135,000 na 75,000 iliyopita kulikuwa na vipindi vya ukame mkali, kimojawapo kikaondoa walau asilimia 95 ya maji.

Nyufa za ziwa hili hazijalala: Desemba 2009 Karonga, upande wa Malawi, ilitikiswa na matetemeko mfululizo. Kati ya 2013 na 2015 wanasayansi wa Tanzania, Malawi na Marekani wakatega vipima-tetemeko pande zote mbili za ziwa, na vingine sakafuni. Matetemeko ya Karonga hayakutoka kwenye ufa wa Livingstone unaoonekana kwa macho. Yalitoka kwenye nyufa ndogo za magharibi, zilizofunikwa na udongo.