CO2 Ni Kama Jivu, Ndio Maana Kihisi Chako cha Bei Poa Hakiioni

Wasee, ukinunua MQ-135 pale Luthuli, uiunge kwa Arduino halafu uposti ati umetengeneza mtambo wa kupima CO2, nitakupa hongera kwa kazi ya mikono. Lakini CO2 hujapima. Si chuki, ni historia.

Turudi Japani, 1962. Gesi ya kupikia ilikuwa imeingia manyumbani, na ikivuja ilikuwa inalipua watu. Mwaka huo Tetsuro Seiyama na wenzake walionyesha kwamba utando mwembamba wa oksaidi ya zinki, ukiwa moto, hubadilisha vile umeme unapita ndani yake gesi ikiugusa. Mwaka huohuo Naoyoshi Taguchi akaomba hataza ya kifaa cha oksaidi ya bati. Kazi yake ikazaa kampuni ya Figaro, 1969, na ving'ora vya gesi vikaingia majikoni.

Siri yenyewe ni hii. Oksijeni ya hewani hujibandika juu ya ile oksaidi moto na kunyakua elektroni, kwa hivyo umeme unapita kwa shida. Gesi inayowaka ikifika, inaichukua ile oksijeni, elektroni zinarudi, umeme unapita vizuri. King'ora kinalia.

Sasa CO2 iko na shida moja: imeshaungua. Ni kama jivu, na jivu huwezi kuliwasha tena. Oksijeni haiitaki, kwa hivyo oksaidi ya bati inaipita kama haijaiona. Ilibidi watu wabadilishe mbinu kabisa. Mwaka 1991, Ishihara na wenzake, hukohuko Japani, walichanganya oksaidi ya shaba na bariamu titaneti, wakapima chaji inayohifadhiwa badala ya ukinzani. Wengine wakaongeza lanthanamu kwa bati. Kazi safi, lakini joto kali na unyevu bado vinasumbua. Ndio maana vifaa vingi vya kuaminika hutumia mwanga wa infraredi, kwa sababu CO2 huunyonya, jambo ambalo John Tyndall alilipima London tangu 1859.

Mbona nijisumbue na hii stori? Kwa sababu CO2 huua kimyakimya. Agosti 1986 ilifoka kutoka Ziwa Nyos, Kameruni, ikaua watu kama 1,700. Na kule Goma, Waswahili wenzetu wana jina kabisa, mazuku, kwa CO2 ya volkano inayotulia mabondeni na kumaliza mtu au mbuzi anayeshuka humo. Huko namba ya kubahatisha ni kaburi.

Vidude vingi vya bei poa vinaandika "eCO2". Hiyo e ni makadirio: kinanusa gesi zingine kisha kinakisia. Pulizia marashi uone vile "CO2" inaruka.

Kwa hivyo kabla hujalipa, muulize muuzaji swali moja tu: hiki kinaona kwa mwanga ama kinakisia? Akianza kuzungukazunguka, rudisha pesa mfukoni.