Wimbo wa msiba ulioishia kwenye disko

Leo mada ni ndefu kidogo, vumilieni. Wiki nzima chumbani kwetu ni ubishi tu. Rumeti wangu, mtu wa kwaya, anadai madijei wa Ulaya wameinajisi Adagio for Strings ya Samuel Barber kwa kuitia biti. Wimbo wa kuzikia watu hauchezwi, anasema. Mimi mwalimu mtarajiwa wa historia nikaona nimjibu kwa tarehe, maana kwa sauti simuwezi.

Barber, Mmarekani, aliitunga mwaka 1936 akiwa na miaka 26. Ilikuwa sehemu ya kazi ya wapigaji wanne tu: violini mbili, viola na selo. Msiba haukuwemo. Baadaye mwenyewe akaipanua ipigwe na okestra ya vyombo vya nyuzi, akamtumia kondakta mkubwa Arturo Toscanini. Mzee akamrudishia makaratasi bila hata neno moja. Barber akanuna, kumbe mwenzake alikuwa ameshaikariri yote! Tarehe 5 Novemba 1938 Toscanini akaiongoza jijini New York, ikarushwa redioni.

Mambo ya maombolezo yakaja taratibu. Rais Roosevelt alipofariki mwaka 1945, redio za Marekani ziliipiga. Kennedy alipouawa mwaka 1963, ikasikika tena. Siku nne baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, ikapigwa Royal Albert Hall, London. Yaani ni wasikilizaji na redio walioifanya ya msiba, mtunzi hakuiandikia jeneza la mtu.

Halafu kuna mwaka 1967, na hapa ndipo nilipombana rumeti. Barber aliitoa upya kwa ajili ya kwaya, akaiwekea maneno ya Kilatini ya Agnus Dei. Hiyo ndiyo anayoipenda yeye! Wapigaji wanne, kisha okestra, kisha kwaya: mwenye wimbo kaugeuza mara mbili kabla dijei yeyote hajaugusa.

Madijei wenyewe sasa. William Orbit, Mwingereza aliyeshiriki kutayarisha Ray of Light ya Madonna (1998), aliipiga kwa vinanda vya umeme. Ferry Corsten, Mholanzi wa Rotterdam, akaifanyia rimiksi ya transi, ule muziki wa disko wenye melodi ndefu na mapigo kama 140 kwa dakika. Mwishoni mwa 1999 singo hiyo ilifika nafasi ya 4 kwenye chati ya Uingereza.

Kwa nini iliwakaa vizuri hivyo? Sikilizeni ilivyojengwa. Melodi inapanda hatua moja moja, kama mtu anayepanda ngazi huku amebeba mzigo. Inashuka kidogo, inapanda tena, mpaka violini zinafika juu kabisa na kulia. Ghafla kimya. Baada ya hapo inarudi chini, polepole, mpaka inakwisha. Watu wa transi nao katikati ya wimbo huondoa ngoma zote, wakaacha melodi peke yake, wakaipandisha kidogo kidogo mpaka mzuka unapanda na mikono ya watu iko juu. Ngazi ni ileile! Tofauti ni kinachofuata kileleni. Barber anakuacha na ukimya wako. Dijei anakurudishia ngoma, unapata pa kukanyaga.

Kisha akaja Tiësto, Mholanzi mwingine, na toleo lake. Tarehe 13 Agosti 2004, kwenye ufunguzi wa Olimpiki ya Athens, alipiga muziki moja kwa moja wakati wanamichezo wa nchi zote wanaingia uwanjani, wa Kenya na Tanzania wakiwemo. Adagio ilikuwa kwenye muziki aliouandaa kwa siku ile, na mwaka 2005 ikatoka kama singo. Binafsi naona ya Tiësto ina fujo, ya Corsten ina subira zaidi. Najua wengi humu mtanipinga, ruksa.

Cha kuchekesha ni kwamba mwaka huohuo wa 2004 wasikilizaji wa kipindi cha Today cha BBC Radio 4 waliichagua Adagio kuwa kazi ya huzuni kuliko zote katika muziki wa klasiki. Huku watu wanaililia, kule inasindikiza bendera, na hakuna aliyemnyang'anya mwenzake.

Ila rumeti ana hoja moja ambayo sijaipatia jibu, na haki yake nampa. Anasema ukishazoea ile ya disko, masikio yako yanasubiri ngoma. Juzi niliwapigia washikaji wawili wa hapa hall toleo la okestra. Walitulia vizuri mpaka kileleni. Ulipofika ule ukimya, mmoja akainuka kuangalia kama waya wa spika umechomoka. Rumeti hakusema kitu, alinitazama tu.

Basi, mwenye Agnus Dei iliyorekodiwa vizuri anitupie kwenye flashi. Jirani yangu wa kitanda anayo, lakini kwa hali ilivyo sasa haazimishi.